Kabeli ya PlayStation huanzia nyuma ya televizheni

Kilwa ya Haut-Katanga nchini Congo, ile iliyo ukingoni mwa Ziwa Mweru katika eneo la Pweto na si ile ya pwani ya Tanzania, iko umbali wa kilomita 350 hivi kutoka Lubumbashi. Mashine ya gemu hufika huko kwa njia tatu. Ya kwanza ni lori linalotoka Lubumbashi kupitia Kasomeno. Ya pili ni maji, maana ng'ambo ya ziwa ni Zambia. Ya tatu ni begi la ndugu aliyerudi kutoka Ubelgiji, Afrika Kusini au Dubai. Kila njia huleta mashine pamoja na waya yake, na kila waya ilitengenezwa na mtu aliyekuwa na televizheni fulani kichwani. Mara nyingi televizheni hiyo siyo iliyopo sebuleni Kilwa.

Hapo ndipo fedha za watu zinapopotea. Mnunuzi husimama sokoni akiwaza juu ya mashine peke yake: hii ni PS3, hii ni PS4, sasa inataka kabeli gani? Muuzaji naye humjibu kwa kumpa ile yenye boksi linalong'aa kuliko mengine: "Papa, chukua hii, ni ya 8K." Mimi nashikilia kwamba mazungumzo hayo yameanzia mahali pasipofaa. Karibu kila mashine inaweza kutoa picha kwa zaidi ya namna moja, lakini televizheni ina matundu yale yale iliyotoka nayo kiwandani na kioo chenye uwezo ule ule. Anayetaka kabeli inayomfaa ageuze kwanza televizheni yake, aitazame mgongo. Kwa mkazi wa Lubumbashi kosa la kabeli ni teksi ya kurudi sokoni. Kwa mkazi wa Kilwa ni kusubiri lori lingine, na msimu wa mvua lori halina ahadi.

Kuna jambo lingine linalofanya uchaguzi wa Kilwa utofautiane na ushauri unaotolewa kwa wakazi wa Brussels au Johannesburg, nalo ni umeme. Anayewasha nyumba yake kwa paneli za sola, betri au jenereta huchagua mashine kwa wati kabla ya kuichagua kwa ubora wa picha. PS2 nyembamba, iliyotoka mwaka 2004, hulishwa na adapta ya nje ya volti 8.5 ambayo uwezo wake wote haufiki wati 50. PS5 ya mwaka 2020 inaweza kula wati 200 inapocheza gemu nzito, bila kuhesabu televizheni. Betri inayoivumilia PS2 na televizheni ndogo ya volti 12 jioni nzima itaishiwa mapema mno ikibebeshwa PS5. Kwa hiyo mashine iliyozaliwa mwaka 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, haijawa kitu cha makumbusho kwa watu wa sola, hata kama gemu zake za mwisho za mpira, FIFA 14 na PES 2014, ni za mwaka 2013. Na waya zake za zamani bado ni suala la leo. Ndiyo maana nitakaa nazo kwa muda kabla ya kufika kwenye HDMI.

Waya iliyozoeleka kuliko zote ni ile ya vichwa vitatu vya rangi: wa njano hubeba picha, mweupe na mwekundu hubeba sauti ya kushoto na ya kulia. Ndani ya uzi ule mmoja wa njano mna mwanga wa picha, rangi zake na alama za muda, vyote vimechanganywa, na kazi ya televizheni ni kuvitenganisha tena. Kazi hiyo haikamiliki kamwe. Ukitazama ukingo wa jezi nyekundu juu ya nyasi za kijani utaona nukta ndogo zinatambaa, na majina ya wachezaji yanafifia. Kwenye televizheni nene ya kioo cha mgongo mrefu kasoro hiyo husameheka, kwa kuwa kioo chenyewe hulainisha picha. Kwenye kioo bapa cha inchi 32 kasoro ile ile hupanuliwa na kuonekana wazi.

Lakini ukungu siyo malalamiko makubwa ya watu kuhusu waya ya njano. Malalamiko makubwa ni picha isiyo na rangi, nyeusi na nyeupe, kutoka kwenye mashine nzima na televizheni nzima. Chanzo chake ni historia. Congo, tangu enzi za Zaire, ilifuata mfumo wa rangi wa Wafaransa, SECAM. Zambia ilifuata PAL, na Ubelgiji pia. Marekani na Japani zilitumia NTSC. PAL na SECAM zote huchora mistari 625 kwa picha, mara 50 kwa sekunde ikihesabiwa nusu-nusu. NTSC huchora mistari 525, mara 60. Kila mfumo huficha rangi ndani ya mawimbi kwa namna yake. Televizheni isiyoujua mfumo uliotumwa hushika mwanga na kuzitupa rangi. Ikiwa haiwezi hata mwendo wa 60, picha hupanda au kushuka bila kutulia.

Sasa weka mambo hayo kwenye njia tatu za Kilwa. Mashine iliyovuka ziwa kutoka Zambia hutoa PAL. Ile ya ndugu wa Ubelgiji hutoa PAL. Ile iliyopitia kwa wauzaji wa mitumba ya Marekani hutoa NTSC. Televizheni ya zamani iliyotengenezwa kwa SECAM peke yake itazikataa rangi zote. Televizheni nyingi zilizoingia baadaye kutoka Asia zinaijua mifumo yote mitatu, ila huenda mtu aliwahi kuifunga kwenye mmoja. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, fungua menyu ya picha, tafuta mfumo wa rangi na uuweke kwenye AUTO. Dawa hiyo haina gharama, na imeponya mashine nyingi zilizokwisha kuhukumiwa kuwa mbovu.

Kuna sababu nyingine mbili za picha kupoteza rangi, na zote zinakaa kwenye tundu. Televizheni nyingi bapa zimepunguza matundu kwa kulifanya lile la kijani lipokee pia kichwa cha njano. Ukichomeka njano kwenye kijani, kisha ukachagua kwa rimoti njia ya waya za kijani, buluu na nyekundu badala ya njia ya AV, utapata mwanga bila rangi. Rudi kwenye AV. Ya pili ni televizheni ndogo, hasa zile za sola, ambazo hazina tena matundu ya rangi. Zina kitundu kimoja cha duara kama cha spika za masikioni, nacho huhitaji kiunganishi maalum cha kuingia kwenye vichwa vitatu. Viunganishi hivyo hufanana kwa macho, lakini watengenezaji hawakukubaliana juu ya mpangilio wa pete zake. Ukipata mngurumo kwenye spika na kioo kitupu, jaribu kuchomeka njano mahali pa nyekundu kabla ya kulaumu mashine. Kiunganishi kilichokuja na televizheni kifungwe humo humo kwa gundi ya karatasi, kwa sababu kikipotea hakipatikani kirahisi.

Kwa mwenye televizheni ya Ulaya kuna mlango bora zaidi ambao wengi wanao bila kuutumia: tundu pana la pini 21 ambalo Wafaransa waliliita periteli. Lilibuniwa Ufaransa katika miaka ya 1970 na likawa lazima kwenye televizheni zilizouzwa huko kuanzia miaka ya 1980, ndiyo maana televizheni za mitumba kutoka Ulaya huwa nalo. Thamani yake ni kwamba linaweza kupokea nyekundu, kijani na buluu kila moja kwenye uzi wake. Rangi hazikufichwa popote, kwa hiyo hakuna PAL, SECAM wala NTSC ya kufumbua. PS2 ya Marekani iliyoonekana nyeusi na nyeupe kwa njano hupata rangi zake zote kwa periteli, mradi televizheni ihimili mwendo wa 60, na nyingi za miaka ya 1990 na kuendelea zinauhimili. Herufi husomeka, nyasi hutulia.

Mtego uko kwenye vile vipande vyeusi vya bei ndogo, vyenye umbo la periteli upande mmoja na matundu ya njano, nyeupe na nyekundu upande mwingine. Hivyo vinapitisha picha ya njano ile ile. Umbo limebadilika, picha haijabadilika. Kabeli ya kweli ni ile ambayo uzi wake unatoka kwenye mashine na kufika moja kwa moja kwenye kichwa cha pini 21, na inabidi pia kuingia kwenye mipangilio ya PS2 na kuchagua RGB, vinginevyo rangi zitakuja zimechafuka.

Waya ya vichwa vya kijani, buluu na nyekundu kwa picha, pamoja na viwili vya sauti, ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye PS2 au PS3 na televizheni bapa yenye matundu hayo. Nayo hukwepa ugomvi wa mifumo ya rangi. Sony ilitumia tundu la nyuma la umbo moja kwenye PS2 na PS3, hivyo waya moja nzuri hufaa zote mbili. Kwa PS3 hufikisha picha hadi mistari 1080, wakati waya ya njano huishia 576. Tofauti hiyo si ya anasa: gemu za PS3 ziliandikwa kwa watu wenye vioo vikubwa, na maandishi yake madogo kwa njano hayasomeki kabisa. Wii na Xbox 360 zina matundu yao wenyewe, usikubali kuuziwa waya ya PlayStation kwa ajili yake. Ile waya ya duara ya pini nne inayotenganisha mwanga na rangi ni nzuri kuliko njano, ila televizheni zenye tundu lake ni chache mno kuitafuta kwa makusudi.

HDMI ilitangazwa mwezi Desemba 2002 na kampuni saba, miongoni mwao Sony, Philips, Hitachi na Toshiba. Ina pini 19, hubeba picha na sauti kwa tarakimu, na imefuta maswali yote ya SECAM na PAL. PS3 ya mwaka 2006 ilikuwa nayo pamoja na tundu la zamani. PS4 ya mwaka 2013 ilibaki na HDMI peke yake. Mwenye televizheni yenye HDMI na mashine yenye HDMI hana sababu ya kutumia waya nyingine yoyote.

Uchaguzi unaobaki ni wa daraja, na hapa ndipo maboksi yanaposema mengi. Wenye kusimamia HDMI hawagawi kabeli kwa namba za matoleo, 1.4, 2.0 na 2.1 ni habari za mashine na televizheni. Kabeli hugawiwa kwa majina ya uwezo. Iliyoandikwa High Speed ilipimwa kwa gigabiti 10.2 kwa sekunde, Premium High Speed kwa 18, Ultra High Speed kwa 48. Linganisha na mahitaji. Picha ya 1080 kwa mwendo wa 60, ambayo ndiyo kilele cha PS4 ya kawaida, inahitaji gigabiti 4.5 hivi. Ya 720 inahitaji nusu yake. Picha ya 4K kwa mwendo wa 60, kama ya PS4 Pro, inakaribia 18. Ni 4K ya mwendo wa 120, inayotolewa na PS5 na Xbox Series X, inayodai Ultra High Speed, na hiyo ni kwa mwenye televizheni inayoweza kuipokea.

Sasa geuza tena televizheni. Zile za sola za inchi 19 hadi 24, na nyingi za inchi 32, zina kioo cha nukta 1366 kwa 768. Kabeli ya High Speed ya mita moja na nusu ina uwezo unaopita mahitaji ya kioo hicho zaidi ya mara mbili. Yule aliyeuziwa ya 8K hatapata hata nukta moja ya ziada, kwa kuwa tarakimu zikifika salama zimefika. Kabeli ghali haiwezi kuzing'arisha. Dhahabu iliyopakwa kwenye vichwa ina faida yake ya kweli, huzuia kutu, na kando ya ziwa kutu si jambo la kudharau, lakini haigusi rangi wala ukali wa picha. Kabeli mbovu ya HDMI hujitangaza yenyewe: nukta nyeupe zinamweka, picha inakatika sekunde chache na kurudi, au kioo kinabaki cheusi. Picha iliyofifia tu, bila dalili hizo, lawama yake iko kwingine.

Urefu una maana kuliko jina. Kwa mita moja hadi mbili karibu kila kabeli ya haki itafaulu. Kadiri unavyoongeza mita ndivyo uwezo unavyopungua, na kwa gigabiti 48 waya ya shaba ya kawaida hupata taabu ikishapita mita tatu. Anayetaka kuweka mashine mbali na kioo kwa ajili ya wachezaji wengi chumbani ni afadhali aongeze urefu wa waya ya umeme, kabeli ya picha ibaki fupi.

Linabaki kundi lenye watu wake Kilwa: waliopewa PS4 na ndugu, na nyumbani wana televizheni nene ya njano, nyeupe na nyekundu. Kwao kuna kiboksi kidogo kinachopokea HDMI na kutoa rangi tatu. Kinafanya kazi, lakini lazima kilishwe umeme wa volti 5 kwa waya ya USB. Wengi hukitupa kwa kudhani kimekufa, kumbe hawakukichomeka. Kina pia swichi ya PAL na NTSC, na ikikosewa tunarudi kwenye nyeusi na nyeupe. Hata kikiwa sawa, picha ya PS4 itashushwa hadi ile ya waya ya njano, na dakika za mchezo pamoja na matokeo vitakuwa vigumu kusoma. Kwa maoni yangu kiboksi hicho ni daraja la miezi michache. Fedha ya kabeli ya 8K iwekwe akiba kwa ajili ya televizheni ndogo ya mitumba yenye HDMI. Na tahadhari: kipo kiboksi kingine cha sura ile ile kinachofanya kinyume, cha kuingiza PS2 kwenye HDMI. Mshale uliochapwa juu yake ndio unaoonyesha njia, na hakuna kinachopita kwa kurudi.

Kabla ya kuihukumu kabeli yoyote, kumbuka kwamba mashine hukumbuka televizheni ya mwisho. PS3 iliyotoka nyumba yenye HDMI ikaunganishwa kwa rangi tatu itatoa sauti bila picha, au kimya kabisa. Izime, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha na kukishikilia hadi usikie mlio wa pili. Itatafuta upya waya uliyoichomeka. Kwa PS4 na PS5, kitufe kikishikiliwa hadi mlio wa pili mashine hufungua menyu ya usalama, na humo unaweza kushusha ukubwa wa picha hadi ule ambao televizheni inaujua.

Jambo linalostahili fedha kuliko daraja la kabeli ni uhai wa tundu. Tundu la HDMI la PS4 na PS5 limeshikiliwa na risasi nyembamba kwenye bodi, na pini zake 19 ni ndogo kiasi kwamba kulibadilisha kunahitaji fundi mwenye mashine ya hewa moto na mkono uliotulia. Kabeli nene iliyovutwa na mtoto anayekimbia hulivunja mara moja. Nunua kabeli laini, iache ilegee, na kama mashine huhamishwa kila siku kwenda kwa jirani, acha kipande kifupi cha kurefusha kimechomeka daima ili kichakae chenyewe badala ya tundu.

Umeme nao huingia kwa njia ya kabeli. Mashine na televizheni zenye plagi za pini mbili bila waya ya ardhi huwa na chaji inayovuja. Ndiyo ile inayochoma kidogo vidoleni unapogusa chuma. Kwenye vichwa vya rangi tatu pini ya katikati, inayobeba picha, hugusa kabla ya pete ya nje, na chaji hiyo hupita pale isipotakiwa. Ondoa plagi zote mbili ukutani, unganisha, kisha rudisha umeme. Jenereta ikiwashwa, isubiri itulie kabla ya kuiwasha mashine. Na mashariki ya Congo imo miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi kuliko yote duniani. Mvua za Katanga zinapoanza, kati ya Oktoba na Novemba, nyumba yenye dishi ina waya ndefu iliyopanda juu ya paa na kushuka kwenye dikoda. Kutoka dikoda njia inaingia televizheni, na kutoka televizheni HDMI inaifikisha kwenye mashine. Kuzima kwa rimoti hakukati njia hiyo. Wingu likinguruma, chomoa dishi na chomoa HDMI.

Basi anayemtuma mtu Lubumbashi amtumie kwa simu picha ya mgongo wa televizheni, matundu yote yaonekane, picha ya mgongo wa mashine, na urefu wa nafasi uliopimwa kwa mita. Kwenye soko la Kenya, lililo humo humo Lubumbashi na si nchini Kenya, aliyetumwa ataonyeshwa kabeli nyingi zenye maboksi yanayofanana. Asome maandishi yaliyochapwa kwenye ganda la kabeli yenyewe, kwa kuwa boksi hubadilishwa kirahisi. Zile za Premium na Ultra huwa na kibandiko cha kuhakiki kwa kamera ya simu. Kibandiko kisiposomeka, alipe bei ya kabeli ya kawaida au aiache. Aombe ijaribiwe kwenye televizheni ya dukani, na picha ikiwa inaonekana aikunje kidogo karibu na kila kichwa, maana huko ndiko nyuzi hukatikia. Na kwa kuwa lori halirudi kesho, achukue mbili za High Speed kwa fedha ya ile moja ya 8K.